Tulikula Sanda ya Salumu

Sehemu ya Saba

Sinia la ubwabwa tuliliacha mikononi mwa karani Ansbert wiki jana, na mpaka leo halijafika chini. Mlangoni, kati ya jamvi la wanaume na ua wa wanawake, amesimama Mwanaasha, mke wa Salumu, mavumbi ya lori la Maneromango yamemjaa mpaka kwenye kope.

Kwa mliochelewa kikao: haya ni matanga ya Salumu, kuli wa bandarini, mkazi wa Temeke. Wali ni wa matanga ya Salumu, dua ni za Salumu, na makuli sitini walioketi jamvini wanamlia Salumu huku wakitafuna. Kasoro ni moja tu. Salumu hajafa.

"Wewe ndiye katibu wa chama?" Mwanaasha akauliza.

"Ndimi, dada."

"Ndiwe uliyemwandika mume wangu?"

"Ndimi."

Watu walimngojea aangue kilio. Hakulia. Aliinama kwa shida, kwa kuwa alikuwa na mimba ya miezi sita, akafungua furushi lake, akatoa kanzu nyeupe yenye nakshi ya hariri nyekundu shingoni. Aliitarizi mwenyewe kabla ya harusi, na Salumu akiivaa siku za Idi tu.

"Nani kamwosha?" akauliza.

Msomaji wa pwani ameshaelewa, lakini karani wetu ni mtu wa Bukoba, na ilimchukua muda. Nguo za marehemu huenda kwa aliyemwosha. Ni haki yake, na mke anayejiheshimu humkabidhi kwa mkono wake, asije akasemwa kwamba mumewe kaondoka na deni la mtu mwenye kazi nzito kuliko zote.

Jamvini kutafuna kukakoma.

"Ni watu... watu wa msikitini," Ansbert akasema.

"Watu wana majina, karani."

"Nitakuitia. Pumzika kwanza, dada, umetoka mbali na hali yako si ya kusimama."

Mwanaasha akamshika bega. "Mungu akulipe, kaka. Umemstiri mume wangu nami sipo. Mie sina cha kukupa ila dua."

Ansbert alitamani amtukane. Tusi lingemwingia vizuri kuliko ile dua. Akalitua sinia, akatoka kwa kasi kama mtu aliyeshikwa na tumbo.

Nyuma ya jiko Romani alimdaka mkono. Romani ndiye kiongozi wa mgomo, bonge la mtu kutoka bara, sauti yake ikitosha kusimamisha winchi.

"Usithubutu," akamwambia.

"Mke wake, Romani! Mjamzito! Nani kampelekea habari?"

"Dereva wa lori, nani mwingine? Habari ya kifo haina breki. Sasa sikia. Yule aliyekaa kwenye nguzo ya tatu, mwenye kofia mpya, unamjua?"

Ansbert akachungulia. Mwanamume mwembamba alikuwa akifinyanga tonge polepole, macho yakizunguka jamvi zima.

"Sajini Mfaume," akanong'ona. "Askari kanzu."

"Unadhani kaja kumlilia Salumu? Ukimwambia yule mwanamke neno moja, atapiga vigelegele, na Salumu analala ndani leo hii. Miaka saba, Ansbert. Mtoto anazaliwa, anaota meno, anakwenda chuo cha Kurani, baba yuko jela."

Hapo ilikuwa siku ya tisa ya mgomo wa makuli. Siku ya tano Salumu alikata kamba za tishari, mashua ya mizigo, gunia mia mbili za sukari zikazama, na samaki wa Kurasini wanakunywa chai tamu mpaka leo. Polisi walimsaka nyumba kwa nyumba. Marehemu hasakwi, basi Romani na karani wakaona bora afe.

Na kufa kulikuwa rahisi, maana kulikuwa na chama.

Chama cha Maziko cha Temeke, ambacho wenyewe walikiita Kufaana, kilikuwa na muhuri, jeneza moja, sufuria tatu na sharti moja lililobandikwa ofisini kwa Bwana Shauri, Mzungu wa wilaya: chama hiki ni cha kuzikana tu, hakitajitia katika mambo ya serikali. Walikuwamo Waislamu na Wakristo, kila mmoja akizikwa kwa dini yake. Sharti lile alilitafsiri Ansbert mwenyewe na akalitia sahihi yake, akaona fahari.

Mgomo ulipofika siku ya nne, watoto wa makuli wakaanza kulala na njaa. Romani akamfuata. "Katibu, chama kina mchele wa wafu," akamwambia. "Walio hai je, wale nini?"

Basi wafu wakaanza kupatikana. Watatu kwa siku nne, wote watu wa bara wasio na ndugu mjini, wote wametoka kwenye kalamu ya Ansbert. Kila cheti cha maziko alichoandika kilitoa mchele na kitoweo dukani kwa Bandali Sadruddin, muuzaji wa chama. Marekani, kile kitambaa cha sanda, iliuzwa mtaani Gerezani, pesa zikanunua unga. Watu sitini wakikutana mgomoni ni fujo, wanapigwa virungu. Watu sitini wakikutana matangani ni ubinadamu, hata askari huvua kofia. Makuli walikula, wakapanga mambo yao, wakaitikia amina.

Na tusimtakase bure karani wetu. Alipenda. Watu wenye vifua kama milango walimwamkia "Bwana Katibu" na kumpisha njiani, yeye ambaye ofisini aliitwa kwa kengele. Alijiambia kwamba ni kwa ajili ya watoto wenye njaa. Ilikuwa kweli, lakini haikuwa kweli yote, na sasa ile sehemu nyingine ndiyo iliyokuwa ikimsuta.

"Nitamwambia faraghani," akasema.

"Utamwambia Salumu akishavuka Kilwa!" Romani akamkata. "Lori lake ni kesho alasiri. Shikilia mpaka kesho tu. Umeweza siku zote hizi, unashindwa siku moja?"

Wakarudi jamvini, na ndipo mambo yalipokwenda mrama, tena kwa mkono wa mtu mwema kuliko wote waliokuwapo.

Bandali alikuwa amefika. Mzee Mhindi wa Kikhoja, mzaliwa wa Dar es Salaam, koti jeusi, kichupa cha marashi mkononi. Mkewe Gulbahar alipofariki, watu wa Kufaana walifunga kazi zao wakaja kusimama mlangoni kwake mchana kutwa. Tangu hapo Bandali aliweka nadhiri: kila maiti wa chama, awe wa dini gani, marashi na ubani ni juu yake. Wafu wote wanne wa Ansbert walikuwa wamekwisha kupata marashi yao.

"Shikamoo, mzee," Mwanaasha alikuwa akimwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Pole sana. Kazi ya Mungu haina makosa."

"Nimeshapoa, mzee. Namtafuta aliyemwosha mume wangu, nimpe haki yake. Kila nikiuliza, watu wanatazama chini."

"Hilo tu?" Bandali akafurahi kupata jambo la kusaidia. "Mbona jina lipo! Cheti ninacho mie."

Ansbert akapiga hatua. "Mzee Bandali, ngoja—"

Alichelewa. Bandali alishatoa karatasi kwenye mfuko wa koti, akaisogeza mbali na macho yake.

"Marehemu, Salumu. Mchele, pishi ishirini. Marekani, ubani... Aha. Aliyeosha: Kasimiri."

Macho ya watu sitini na zaidi yakamgeukia Mzee Kasimiri, aliyekaa pembeni, rozari shingoni. Mzee wa watu akameza tonge zima bila kulitafuna.

Sasa fikiria kosa hilo. Kasimiri ndiye mwosha wa chama kwa upande wa Wakristo. Vyeti vitatu vya kwanza vilikuwa vya Wakristo, na mkono wa Ansbert ulizoea. Cha nne aliandika kwa haraka, Romani akimhimiza mlangoni, akalitia jina lilelile. Padri asiyemjua mtoto anayembatiza hawezi kukosea zaidi. Hakuna aliyekisoma tena, kwa kuwa nani husoma cheti cha mtu ambaye hakufa?

Bandali mwenyewe akaduwaa. "Karani," akasema taratibu, "mie si wa madhehebu yao, lakini hata mie najua. Huyu bwana anamwosha vipi Mwislamu?"

"Ni... nilikosea jina."

"Basi taja la kweli," Mwanaasha akasema.

Ansbert akamtazama Romani.

"Mume wangu kaoshwa na asiyejua hata kumtilia nia?" Akasogea. "Au hakuoshwa kabisa?" Akawageukia makuli, mmoja mmoja, na kila aliyetazamwa aliangalia vidole vyake. "Nani aliuona mwili wake? Wewe uliuona? Wewe je? Nani alimshika miguu? Mko sitini hapa, hamna hata mmoja aliyemshika mume wangu miguu?"

Kisha jicho likamwangukia Romani.

"Wewe," akasema. "Salumu alinitumia salamu kwamba anataka kurudi kazini, kwa ajili ya tumbo hili. Nawe ulisimama mkutanoni ukasema nini?"

Wote walikuwapo, wote walipiga makofi. Romani alisema: atakayerudi kazini, tutamzika wenyewe.

"Mmemuua!" Mwanaasha akapiga yowe. "Mmemuua mume wangu, halafu mnakula wali wake!"

Pale kwenye nguzo ya tatu, Sajini Mfaume alinawa mikono kwa utulivu, akajipangusa kwa leso, akasimama.

"Ubwabwa ulikuwa mzuri," akasema. "Romani, twende."

Makuli wakainuka wote kwa pamoja. Romani akainua kiganja, wakakaa. Mkono mmoja ukitiwa pingu, alimtazama Ansbert na kutikisa kichwa mara moja tu. Usiseme.

Na Ansbert, ambaye neno lake moja tu lingetosha, hakusema.

"Kaburi litafukuliwa Jumatatu mbele ya daktari," Sajini akatangaza kutoka njiani. "Kesho Jumapili, Bwana Daktari anacheza mpira wake wa vijiti."

Watu walitawanyika kama waliosikia kuna ndui. Bandali alibaki, cheti mkononi.

"Karani, nimekosea kusema?"

"Hapana, mzee."

"Ile marekani niliipima kwa mkono wangu. Niliisomea. Niliwasomea wote wanne." Akamtazama usoni. "Imemvika nani?"

Kisha Bandali akakiweka kichupa cha marashi juu ya kizingiti, akaenda zake.

Ansbert akaingia uani. Mwanaasha alikuwa kwenye mkeka, kanzu kaikumbatia, wanawake wamemwacha peke yake kwa hofu. Karani alipiga magoti, akayasema yote kwa pumzi moja, kama mtoto anayetapika dawa.

"Salumu yu hai. Niue, dada, lakini yu hai."

Alijikinga uso akitarajia kofi. Halikuja.

"Niapie."

"Haki ya Mungu."

"Apa kwa mama yako."

"Naapa kwa mama yangu. Yuko Mtoni, kwenye kibanda cha chama tunamowekea jeneza. Pale makaburini tumefukia mgomba."

Mwanaasha alicheka, akalia, akacheka tena huku kaziba mdomo kwa kanga. Halafu kicheko kikakatika.

"Na Romani?"

"Umesema kamuua. Sajini kaandika."

"Ya Rabi," akanong'ona. "Nipeleke. Sasa hivi."

Walifika Mtoni jua likiwa bado la alasiri. Kibandani, marehemu alikuwa amekaa juu ya jeneza, bakuli la ubwabwa wa matanga yake mwenyewe mapajani. Alipomwona mkewe, bakuli likaanguka. Walikumbatiana, na Ansbert akageukia ukuta akahesabu majembe, kwa kuwa hakujiona na haki ya kutazama.

"Umekonda," Mwanaasha akasema.

"Wewe umenenepa."

"Mwanao huyo. Salumu, Romani kashikwa. Wanasema kakuua."

Salumu akaliokota bakuli.

"Watamwachia. Hakuna maiti."

"Ndiyo ubaya wake," Ansbert akasema. "Wakikuta mgomba watasema mwili kautupa baharini. Maneno yake ya mkutanoni wote tuliyasikia. Watamnyonga, Salumu. Jitokeze, jamaa yangu. Nami nitasimama na wewe, niseme vyeti vyote ni vyangu."

"Nijitokeze?" Salumu akacheka bila furaha. "Wewe utapigwa faini, karani. Utaachishwa kazi, utarudi Bukoba ukalime ndizi. Mie ni miaka saba ya kuponda mawe. Nani aliyeniambia nife? Nilitaka kurudi kazini mie, mkanitisha mpaka nikakata kamba! Nyie wenye kalamu na wenye midomo mkasema, kufa, Salumu, tutapanga. Nimekufa. Sasa mnataka nifufuke kwa sababu imewauma nyie?"

Ansbert alitafuta neno, na kila alilolishika lilikuwa la aibu.

Mwanaasha alikuwa amekaa kwenye ncha ya jeneza, mkono tumboni. Alimtazama mumewe kwa muda mrefu. Kisha akamtazama karani kwa muda mrefu zaidi.

"Lori ni lini?" akauliza.

"Kesho saa tisa alasiri."

Akasimama. Akaikunja kanzu vizuri, nakshi juu, akampa Ansbert kwa mikono miwili.

"Shika. Mwosha nimempata."

"Dada, siwezi—"

"Ni haki yako. Wewe ndiye uliyemwandika, wewe ndiye uliyemzika. Kwenu Bukoba huvaa kanzu Jumapili, si ndiyo? Basi kesho ivae. Usiiweke sandukuni. Ukienda kwa Sajini kusema yako, nenda nayo."

Hakuwa na hasira usoni. Hilo ndilo lililomchoma Ansbert. Akaipokea, akaona kasamehewa nusu, na nusu iliyobaki ataimaliza mwenyewe kituoni.

Usiku kucha hakulala, na alfajiri ya Jumapili akaivaa ile kanzu. Mwenye nyumba wake, Bibi Apolonia, mjane mwenye kifua kibovu na mwanachama wa Kufaana tangu siku ya kwanza, alimkuta ukumbini akijifunga vifungo.

"Umependeza, karani. Kanzu ya nani hiyo?"

"Nimepewa, mama."

"Haya. Niambie, sanda yangu ipo?"

Alimwuliza hivyo kila Jumapili, kama wengine wanavyouliza hali ya hewa. Alikuwa akitoa ada yake kwa kuuza mchicha. Hakuwa na mtoto. Alichotaka duniani kilikuwa kitu kimoja, asizikwe kwa gunia.

"Ipo, mama," Ansbert akasema.

"Nauliza kwa kuwa usiku huu nimebanwa sana."

"Ipo."

Haikuwapo. Haikuwapo hata kipande cha kumfunika uso. Wajane wa namna yake walikuwa thelathini kitabuni, na Ansbert aliwala wote, tonge kwa tonge, kwa jina la haki. Alitoka akitembea upesi. Kengele ya misa ilikuwa ikilia upande mwingine.

Njiani alijipangia. Atasema vyeti ni vya uongo, vyote vinne. Atasema Salumu yu hai, ila mahali alipo hatapataja hata wamng'oe kucha. Romani atatoka. Yeye ataingia. Ilikuwa hesabu safi, akaiona inampa pumzi kidogo.

Kituoni, Sajini Mfaume leo alikuwa na sare, vifungo vinang'aa. Hakusema karibu. Aliitazama ile kanzu tangu mlangoni mpaka mezani.

"Sogea kwenye mwanga," akasema.

Ansbert akasogea. Sajini akainua ukosi kwa ncha ya kalamu, akaiangalia nakshi nyekundu, uzi kwa uzi.

"Nimekuja kusema ukweli, afande. Romani hana hatia."

"Najua."

"Unajua?"

"Mjane wa Salumu alikuja hapa alfajiri. Kafuta maneno yake. Kasema alimsingizia Romani kwa uchungu, na kaapa."

Machozi yalimjaa Ansbert. "Mungu ashukuriwe!"

"Ngoja kushukuru." Sajini akafungua kitabu, akasoma kwa kidole. "Kasema muuaji wa mumewe anamjua. Kasema atakuja hapa mwenyewe leo, na dalili yake, atakuwa amevaa kanzu ya marehemu, ya Idi, yenye nakshi ya hariri nyekundu shingoni, kazi ya mkono wake mwenyewe."

Ukutani saa ilikuwa ikigonga. Ansbert alitazama kifua chake, ile kanzu nyeupe, kama ndiyo kwanza anaiona.

Basi alielewa. Mwanamke yule alikuwa amekaa kwenye ncha ya jeneza akichagua. Mume huru, Romani huru, mtoto na baba yake. Kulibaki mtu mmoja wa kulipa, na alimchagua kwa haki kabisa. Hata alimwuliza kwa adabu kama kwao huvaa kanzu Jumapili.

Angeweza kusema. Nendeni Mtoni, kibanda chenye jeneza. Maneno matano, na baada ya saa moja angekuwa na shahidi mwenye damu na nyama.

"Nakuuliza swali moja tu, karani," Sajini akasema. "Lilelile alilouliza mjane jana, mkashindwa kulijibu nyote. Nani kamwosha Salumu?"

Ansbert alimfikiria Bandali akiisomea marekani. Alimfikiria Bibi Apolonia.

"Mie," akasema.

"Vizuri. Romani atatoka ukishatia sahihi." Sajini hakuichukua kalamu bado. Alikwenda akausukuma mlango wa chumba cha pili. "Ila kuna jambo dogo. Nilisema Jumatatu ili mwenye hofu asihangaike. Tulifukua jana magharibi."

Juu ya meza, ndani ya mkeka wenye udongo, mgomba ulilala, maji yake yakidondoka sakafuni.

"Huyu hukumwosha," Sajini akasema. "Kwa hiyo, ama mwili umeupeleka mahali, ama Salumu yu hai na polisi tuna haki ya kufunga barabara zote kuanzia sasa. Sema lipi."

Ansbert alitazama saa ya ukutani. Saa mbili na robo asubuhi. Lori la Kilwa lilikuwa la saa tisa.

Akavuta kiti, akakaa, akaiweka sawa kanzu ya watu magotini. Vyeti vinne alikuwa amekwisha kuviandika bila mkono kumtetemeka. Hiki cha tano kilikuwa chake.

"Andika, afande," akasema. "Mwili niliupeleka baharini."